Makofi ya Namwesi

Uligeuza uso. Usiseme hukuona. Ulipita na gari lako, vioo juu, ukaona watoto wanabanana kwa kitabu kimoja nje ya darasa lisilo na madirisha, ukaangalia simu. Jioni redio ikatangaza kwamba shule ndogo za serikali zitafungwa, watoto wahamishiwe kubwa, nawe ukangoja ifike habari ya mpira ndipo uongeze sauti. Mtoto wako yuko akademi, shule ya kulipia. Basi la manjano linamchukua mlangoni. Shule ya serikali ni shida ya wenyewe.

Haya. Wenyewe wana majina, na leo utakaa usikie habari za mmoja wao.

Anaitwa Nekoye. Anashona sare za shule kwa cherehani ya miguu pale Tuwan, Kitale, lakini nyumbani kwake ni Namwesi, upande wa Tongaren, pale Bungoma inapokaribia kuisha na Trans Nzoia kuanza. Ana binti mmoja, Emmy, aliyekuwa gredi ya sita mwaka huo, mtoto wa maswali, anayeuliza mpaka mwalimu anakaa chini. Januari angeingia gredi ya saba, na gredi ya saba ilikuwa pale pale Namwesi, kwenye madarasa ya junia, ile sekondari ya chini, yaliyo nyuma ya shule ya msingi, mwendo wa kutoka nyumbani chai ikiwa bado moto mdomoni.

Madarasa hayo hayakuletwa na serikali. Kumbuka hilo, kwa sababu serikali imeshasahau. Zamani Namwesi iliishia madarasa ya chini tu, na mtoto wa madarasa ya juu alivuka mto kwenda shule ya ng'ambo. Dada mkubwa wa Nekoye, Nanjala, alikuwa anavuka. Kichwa chake kilikuwa kizuri kuliko cha Nekoye. Nekoye mwenyewe husema hivyo bila kuombwa. Mvua za Mei zikaja, mto ukapanda, gogo la kuvukia likaenda na maji. Nanjala akakaa nyumbani wiki. Wiki ikawa mwezi. Alipopata njia ya kuvuka, wenzake walikuwa mbali, akaona haya, akarudi kulima. Mwaka haukuisha kabla hajaolewa. Mto haukumuua. Ulimrudisha nyumbani tu, na hakuna gazeti linaloandika habari ya msichana aliyerudishwa nyumbani.

Baada ya hapo akina mama wa Namwesi walishuka mtoni wakabeba mawe kwa vichwa, mama yake Nekoye akiwa wa mbele, na wanaume wakajenga madarasa ya juu, hayo hayo ambayo leo ni ya junia. Ule mwaka wa vurugu za ardhi, watu wa huku na watu wa kule juu mlimani walipochomeana nyumba, shule ikabaki imesimama. Na vurugu zilipoisha, mahali pa kwanza ambapo watoto wa pande zote mbili walikaa tena dawati moja palikuwa pale. Hiyo ndiyo shule iliyokuja kuitwa ndogo.

Aliyeiita ndogo ni Bwana Ngari, ofisa wa Mpango wa Shule Jirani. Alikuja Namwesi kukusanya maoni ya wananchi, kama sheria inavyotaka, na mkutano ukafanyika uwanjani kwa chifu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja na soda na mkate, akasalimu kwa lugha ya nyumbani, "Mulembe!", na watu wakacheka kwa furaha. Kisha akaeleza, kwa sauti ya upole, kwamba walimu ni wachache, kwamba junia mbili zilizo karibu zinakula walimu bure, kwamba watoto wa Namwesi watafaidi maabara ya ng'ambo.

Kemboi, mwenye trakta, ambaye nyumba yake iko upande wa juu na watoto wake wote wamepitia Namwesi, akainuka. "Bwana ofisa, na hiyo mto? Mvua ikinyesha, watoto wataruka?"

"Swali zuri sana, mzee. Nimelichukua."

Mkewe, Chepkemei, naye akauliza habari ya wasichana kupita katikati ya mashamba ya miwa alfajiri. Swali hilo nalo likachukuliwa. Kila swali lilichukuliwa. Bwana Ngari alichukua maswali ya Namwesi kama mtu anayechukua mayai kwenye kiota, na hakuna kuku aliyelia.

Mwisho akasimama Mzee Mukhwana, mwenyekiti wa wazazi, kufunga mkutano. Sasa elewa jambo moja kuhusu watu hawa. Namwesi mgeni haondoki mkavu. Hata kama amekuja na habari mbaya, ametembea, amekaa kwa kiti chako, lazima umshukuru. Mzee Mukhwana akasema, "Mgeni wetu, tumesikia. Watu wangu, mpigieni makofi ya kilo!" Na watu wakapiga, kilo ya kwanza, pa-pa-pa, kilo ya pili, mpaka ile ya mwisho unayoirusha kwa mikono yote miwili na mgeni anaidaka kifuani. Bwana Ngari akaidaka. Akainama. Watu wakaenda nyumbani wakisema, "Huyo kijana ana heshima, bana. Atatufikishia."

Siku si nyingi, Mwalimu Barasa, mwalimu mkuu, akawaita wazazi. Alikuwa amekunja mikono kama mtu anayesikia baridi.

"Mpango umepita," akasema. "Mwaka huu ukiisha, junia yetu inafungwa. Gredi ya saba wanaenda ng'ambo."

"Nani alikubali?" Nekoye akauliza.

"Sisi."

"Sisi gani, Mwalimu?"

"Nimepiga simu Bungoma, Mama Emmy. Wanasema wananchi wa Namwesi waliunga mkono kwa makofi."

Kesho yake Nekoye hakufungua cherehani. Alikwenda Bungoma, kwenye ofisi za ule Mpango, na maneno makali ameyapanga kichwani tangu Webuye. Bwana Ngari alimpokea vizuri, akamletea chai. Aliposikia shida yenyewe hakubishana. Aligeuza kompyuta yake, akabonyeza video ya mkutano, na uwanja wa chifu ukatokea, na watu, na kelele. Pa-pa-pa.

"Huyu wa mbele, wa leso ya kijani," akauliza taratibu, "si wewe, mama?"

Alikuwa yeye. Anatabasamu meno yote nje, mikono iko juu, anarusha kilo ya mwisho kwa nguvu kuliko mtu yeyote uwanjani. Nekoye alijitazama akishangilia kufungwa kwa shule ya mtoto wake, na yale maneno ya tangu Webuye yakamkauka.

"Tulikuwa tunakushukuru kwa kuja," akasema.

"Mama, mimi kwetu mtu akikataa anapiga kelele, anatupa kiti. Nimefukuzwa kwa mikutano mingine, mpaka kiatu nikaacha. Nyinyi mlinipigia makofi mpaka nikaona haya. Ningeripoti nini?"

Na Nekoye akaona kwamba mtu huyu hakuwa anadanganya, na hilo likamuuma zaidi. Kama angekuwa mwongo, Nekoye angemtukana aende zake.

Bwana Ngari akamsindikiza mpaka mlangoni. "Kuna kikao cha mwisho," akasema. "Ijumaa ijayo, Kitale, ukumbi wa kanisa, cha kaunti zote mbili. Kamati yenyewe kutoka Nairobi. Baada ya hapo, imefungwa."

Jumapili baada ya ibada watu walikusanyika kwenye veranda ya lile darasa la mawe. Nekoye akawaambia kila kitu, hata ile leso ya kijani. Kisha akasema, "Ijumaa tunaenda Kitale wote. Na hatupigi makofi."

Mzee Mukhwana akaweka kofia magotini. "Mama Emmy. Mgeni kutoka Nairobi asimame, aongee, akae, na sisi tumtazame tu? Unataka tuonekane kama watu hawakulelewa?"

"Nataka tuonekane kama watu wamekataa, papa," Nekoye akamjibu, kama anayemjibu baba yake.

"Si mtu anaweza kataa na heshima?"

"Tulikataa na heshima. Angalia."

"Mzee, si uweke mikono kwa mfuko," Kemboi akamwambia.

"Hii suruali ya kanisa haina mfuko. Fundi ni huyo hapo, muulize alipeleka wapi kitambaa."

Watu wakacheka, hata Nekoye, maana ni kweli aliishona yeye. Lakini akawalazimisha wafanye mazoezi. Tonny wa bodaboda akapandishwa kwenye kiti awe mheshimiwa. Akakohoa, akashika tumbo ambalo hana, akasema, "Wananchi watukufu, nawaletea salamu kutoka kwa serikali! Makofi!"

Pa-pa-pa. Veranda nzima.

"Hapana!" Nekoye akapiga kelele. "Tena!"

Tonny akarudia. Safari hii waliopiga walikuwa wachache, lakini walipiga. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe, kama miguu ya ng'ombe inayojua njia ya zizi. Nekoye akawagombeza, akawaambia kuhusu Nanjala, akawauliza kama wanataka mabinti zao warudishwe na maji, akaongea mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Alipomaliza, wakampigia makofi.

Akakaa chini pale pale sakafuni, kichwa mikononi. Hapo ndipo alipoona ugumu wa kazi. Kumzoesha mtu aliyefundishwa shukrani tangu tumboni akae kimya mbele ya mkubwa! Wale wa Nairobi hawahitaji polisi kwa watu kama hawa. Wanahitaji soda.

Chepkemei ndiye aliyemwinua. Chepkemei huimba kwaya, na wanakwaya huona mambo ya mikono. "Mama Emmy, asubuhi hii pasta si alisema kila mtu ashike jirani mkono? Uliona mtu akipiga makofi?"

Nekoye akainua kichwa.

Wakajipanga kwa mabenchi. Mtu na jirani, mkono kwa mkono. Lakini Nekoye hakuwaacha wakae na watu wao. Aliwachanganya, wa huku na wa juu, kama nyuzi mbili kwenye mshono mmoja, na ikatokea Mzee Mukhwana amekaa karibu na Kemboi. Kila mtu mzima pale alijua nyumba ya Mukhwana ilichomwa mwaka gani, na ng'ombe wa baba yake Kemboi walikwenda siku gani. Tangu hapo hao wawili walikuwa wanasalimiana sokoni, wanazikiana, wanakodishana trakta. Mkono ulikuwa unashikwa na kuachwa.

Kemboi akanyoosha wake. Mzee akautazama. Akaushika.

"Mkono yako ni baridi kama chura," Mzee Mukhwana akasema.

"Na yako ni kama gunzi, mzee. Hata kuku haitaki."

Hawakuachana. Tonny akapanda kiti, akaongea, akaomba makofi, na hakuna kilichosikika isipokuwa mbuzi.

Ijumaa trela la trakta ya Kemboi likawachukua, mahindi yakiwa yamesimama makavu mashambani pande zote, na wimbo wa Chepkemei ukawafikisha Kitale. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa shule nyingine zilizoitwa ndogo: wengine kutoka Kachibora, wengine wa Bungoma chini. Soda zilikuwepo. Namwesi walikunywa, soda haina makosa. Kisha wakaweka chupa chini ya viti na kushikana.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwanamke, Daktari Jepchirchir, wa miwani na sauti kavu. Aliongea kwa ufasaha. Alisema mpango umepokelewa vizuri kila mahali, na kwamba amefurahishwa na ushirikiano wa wananchi. Alipokaa, mshereheshaji akaruka na kipaza sauti. "Kwa daktari wetu, makofi ya kilo! Kilo moja!"

Ukumbi ukalipuka. Kachibora wakapiga. Bungoma chini wakapiga. Nekoye alikuwa amekaa kati ya Chepkemei na Mzee Mukhwana, na kiganja cha mzee kikaruka ndani ya chake kama kuku aliyefungwa miguu. Akakibana. Upande wa pili Kemboi naye akabana. "Kilo mbili!" Jasho likamtoka mzee kwenye paji la uso. Alikuwa anaumia kweli, mzee wa watu, akikosa adabu hadharani kwa mara ya kwanza maishani. "Na umrushie daktari!" Ukumbi mzima ukarusha. Mistari ya Namwesi ikabaki kimya kama shamba.

Daktari alikuwa ameinua mikono kudaka. Akaishusha.

"Nyinyi wa nyuma," akasema, "kuna shida?"

Nekoye akasimama. Na kwa sababu hakuachia mikono, Chepkemei akainuka naye, na Mzee Mukhwana, na Kemboi, na mstari wote, halafu wa nyuma yao. Alimfikiria Emmy, ambaye asubuhi alikuwa amemuuliza tu, "Mama, kwa hivyo nitavuka ama sitavuka?"

"Daktari," akasema, "sisi tunatoka Namwesi. Tumefundishwa kushukuru mgeni. Tulimshukuru mgeni wenu, mkaandika tumekubali shule ifungwe. Sasa tunaogopa kushukuru. Mimi ningependa kukupigia makofi, umeongea vizuri. Lakini dada yangu alivuka huo mto mpaka siku ulipomkatalia, na ndiyo ikawa mwisho wa masomo yake. Binti yangu anaenda gredi ya saba. Muulize Bwana Ngari, yuko hapo mbele: kuna mtu mmoja wa Namwesi alifungua mdomo akasema, 'Fungeni'?"

Daktari akageuka. "Bwana Ngari?"

Bwana Ngari akasimama polepole. Angeweza kuzunguka kwa maneno. Hakuzunguka. "Kwa mdomo, daktari? Hapana. Waliuliza kuhusu mto. Sikuwajibu."

"Mimi ndiye niliomba makofi," Mzee Mukhwana akasema kwa sauti kubwa isiyohitaji kipaza. "Nilikuwa nashukuru soda."

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.

"Sasa nasema na mdomo. Hapana. Utusamehe, mama, wewe ni mgeni. Lakini hapana."

"Hapana," Kemboi akasema. "Hapana," Chepkemei. Neno likatembea mstari hadi mstari, kila mtu na sauti yake, mwingine kwa woga, mwingine kama anayebisha mlango. Daktari Jepchirchir alisikiliza mpaka la mwisho. Kisha akavua miwani.

"Iandikwe kwamba Namwesi wamekataa," akasema. "Junia yao haifungwi Januari. Walimu wabaki. Mvua za Mei zikija, kamati hii itakuja kuona huo mto, na Bwana Ngari atavuka wa kwanza."

Hapo mtu mmoja wa Kachibora akainuka kule mbele, mwanamume mnene mwenye kofia ya pama. "Daktari, na sisi?"

"Nyinyi mmenipigia makofi sasa hivi. Nimewaona."

Yule mtu akatazama mikono yake. "Basi nayarudisha," akasema. "Yale makofi yangu. Nayarudisha yote."

Watu walicheka, lakini alikuwa anatembea tayari kwenda kwenye kipaza sauti, na nyuma yake wakaanza kujipanga wengine, wa Kachibora, wa Bungoma chini, mama mmoja na mtoto mgongoni, na daktari akaambia wasaidizi wake waahirishe chakula. Watu wa Namwesi walipoondoka, jua likiegemea Elgon, foleni ilikuwa bado haijaisha.

Januari Emmy aliingia gredi ya saba kwa sketi aliyoshona mama yake, pindo refu la kuteremshwa akikua. Kabla kengele haijalia alikuwa ameshamuuliza mwalimu mpya kwa nini mto una jina na hauna daraja. Wazazi walisimama nje ya darasa la mawe wakitazama madirishani. Mzee Mukhwana akajongea kwa Nekoye, mikono nyuma.

"Mama Emmy. Sasa naweza?"

"Sasa unaweza, papa."

Akaomba kilo, na wakapiga mpaka njiwa wakatoka kwenye mabati.

Mei bado haijafika. Mto uko pale pale. Aliyesema atakuja anaweza kusahau, na Namwesi watakwenda kumkumbusha, hilo wameshajifunza. Lakini wewe uliyekuwa unangoja habari ya mpira, usijifiche nyuma ya Nekoye. Kuna shule ya serikali karibu na unapolala. Kuna mkutano wa maoni umeitwa kwa ajili yake, na tangazo limebandikwa mahali unapopita kila siku bila kusoma. Wameshaagiza soda. Wanakungoja ama usije, ama uje upige makofi. Kwao ni mamoja. Zima redio. Nenda ukalisome hilo tangazo leo, mshike jirani yako mkono muende pamoja, na wakiuliza, fungua mdomo useme.